Mbegu za Meno

Mbeya,
Jumapili ya Kwaresima, 1979

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Baba naye shikamoo yake umfikishie.

Nisamehe, leo naanza na neno ambalo kwa adabu lingekuja mwisho. Najua unasoma polepole, na najua kuni, maji na kuku vinaweza kukuita kabla hujafika ukurasa wa pili. Mama, usimpeleke Deo kwa yule mama wa ng'ambo ya bonde. Hata kama bado anaharisha. Hata kama ufizi umevimba na majirani wote wanasema ni ibinyo, yale meno ya funza ya kung'olewa. Kama mmeshafunga mizigo, fungueni. Sababu zinafuata. Nimeziandika kwa herufi kubwa ili usimwite katekista akusomee, maana mengine humu ni yangu na wewe tu.

Sasa nikusalimu inavyopasa. U hali gani? Goti lako la kushoto linakuacha upande kilima? Baba amepata dawa ya kifua? Mvua za huko zimeanza vizuri, au ni zile za kulowesha vumbi na kuondoka? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini siyo kwa ugonjwa. Wali wa hapa una mawe, na mtu anayejifunza kutibu meno huogopa mawe kuliko watu wengine.

Barua yako ilifika Alhamisi. Nilipoona maandishi ya bahasha nilidhani ni ya mwanafunzi wa darasa la pili. Halafu nikaona jinsi herufi ya kwanza ya jina langu ilivyoegemea kama mgomba wenye mkungu mzito, nikakaa chini palepale kwenye ngazi za ofisi. Ni barua yako ya kwanza kuandika kwa mkono wako. Mistari sita. Nimeisoma mara nyingi sana, na kila mara nakuona kwenye kisomo, benchi la nyuma kabisa, ubao ule mliopaka mkaa, na penseli ikikatika kwa sababu uliibana kama mpini. Ulisema, "Mkono huu umezoea jembe, kitu chepesi hivi kinanikimbia." Akina mama wote walicheka, na wewe ukacheka, lakini ulirudi kesho yake. Mimi nilikuwa likizo, nimekaa mlangoni, nikijifanya nasuka mkeka. Nilikuwa na wivu, Mama. Shule ilikuwa kitu changu peke yangu pale nyumbani, na nikaona unaingia.

Mstari wa kwanza uliandika, "Ndizi zipo." Wa pili, "Sukari hakuna." Nikacheka. Wa tatu na wa nne ni wa mdogo wangu Festo, kwamba tangu alipoondoka na mgambo kwenda vitani hamjapata neno lake. Huku pia sijapata. Kisha mstari wa tano: "Deo anaharisha ana ibinyo." Na wa sita: "Nikimaliza kupalilia maharage tutampeleka."

Najua unachokiogopa. Festo alikuachia mwanawe mikononi, kitoto ambacho hata leo kina miezi mitano tu, akapanda lori la kwenda Biharamulo na kaskazini zaidi. Unaogopa arudi salama kutoka kwenye mizinga akute kaburi nyuma ya nyumba, na watu waseme bibi yake alikaa tu akitazama. Ningekuwa wewe, bila kujua ninachokijua sasa, ningekuwa nimeshavuka bonde.

Hapa asubuhi ukungu hushuka kutoka milimani ukakaa juu ya mabati ya bweni, na kwa kitambo kidogo kabla ya kengele huwa sijui niko wapi. Udongo uliolowa na moshi wa kuni vinanukia kama kwetu, na mimi hujikuta kwenye nyumba ya zamani, ile ya mgongoni mwa kilima, kabla hatujahamishiwa kijijini kwenye mstari. Nyumba ya sasa siioti kamwe. Naota ile tu, na migomba iliyofika hadi mlangoni, na wewe ukipita katikati huku majani yakikupangusa umande mabegani. Siku ile ya kuhama ulirudi mara tatu kuchukua kitu ulichosahau, na mara zote tatu ulirudi mikono mitupu. Sikuuliza. Nilidhani nitakuuliza nikiwa mkubwa. Nimemwambia Atupele, mwenzangu wa chumbani anayetoka Tukuyu, kwamba ndizi za kwetu ni tamu kuliko za kwao, tukanuniana siku nzima.

Sasa nikueleze jambo lililoleta yote haya. Kuna watu wa kanisa moja la ng'ambo wanaotaka kutoa mashine ya eksirei ya meno kwa chumba kitakachofunguliwa Biharamulo, kihudumie na watu wa Ngara. Eksirei ni ile uliyopigwa kifua mwaka wa kikohozi, inayoona mfupa bila kukata ngozi. Watatoa mashine moja, na wameuliza ipi inafaa. Barua yao ilizunguka ikamfikia Mwalimu Sanga, anayetufundisha, naye akaniita.

"Wewe si wa huko?"

"Wa Kanazi, Mwalimu."

"Na utapangwa huko. Basi chagua. Andika na sababu. Ijumaa naitaka karatasi yako mezani."

Chuoni kuna mashine mbili za namna wanazozitoa. Moja ni kubwa, inasimama sakafuni kama mlango usio na ukuta. Mtu anaweka kidevu, anauma kijiti, na mkono wa chuma unamzunguka kichwa taratibu, kisha taya lote linatoka kwenye picha moja ndefu, toka sikio hadi sikio. Nyingine ni ndogo, ina shingo ndefu na magurudumu. Hiyo hupiga meno mawili matatu tu kwa wakati, kwenye kifilamu cha ukubwa wa stempu kinachowekwa ndani ya mdomo.

Mimi niliitaka kubwa. Sitakudanganya. Nilijiona nimesimama kando yake nimevaa koti jeupe, na masista walionifundisha wamekuja kutazama.

"Chukua hiyo hiyo kubwa," Atupele akasema. "Ngara watakuona waziri."

"Na umeme?"

"Jenereta."

"Na dizeli, wakati huu wa vita?"

"Aa, vita vitakwisha. Shida yako ni wazee. Wakiingizwa kichwa humu watadhani serikali imeleta kinyozi."

Ili tuzijaribu alitakiwa mtu wa kupigwa picha. Nikajitolea. Nikauma kijiti, chuma kikanizunguka kikivuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye kibuyu. Halafu tukaingia chumba cha giza, tukaitumbukiza filamu kwenye dawa. Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu: napenda sana pale picha inapoanza kuja. Kwanza hakuna kitu, kisha kivuli, kisha meno yanajitokeza moja moja kama watu wanaotoka kwenye ukungu kwenda kanisani. Nilisimama nikitazama taya langu likinijia.

Mwalimu Sanga akaitundika kwenye mwanga, bado inadondosha maji.

"Chonge zako za chini ziko wapi?"

"Nilianguka, Mwalimu. Kisimani, nina miaka sita."

"Ukaangukia pande mbili?"

Atupele akacheka, kisha akaacha.

"Sikiliza, binti. Mtoto wa miaka sita akianguka, linang'oka la utotoni. La ukubwani liko chini, ndani ya mfupa, linasubiri zamu yake. Litakuja tu. Yako hayakuja." Akaweka kidole upande wa kulia. "Hapa pana mfupa mtupu." Akakipeleka kushoto. "Na hapa unaona nini?"

Niliona kipande cheupe, kidogo kama punje ya mchele iliyovunjika, kimelala ubavu ndani ya taya langu.

"Hilo ni jino lililokatwa kabla halijawa jino," akasema. "Nimeliona kwa wengi wa pande zenu. Ulikuwa mchanga sana."

Mama, mimi lile anguko nalikumbuka. Nalikumbuka jiwe lenye utelezi wa kijani, kibuyu kikibiringika, ladha ya damu, na wewe ukiniinua na kunifuta kwa upindo wa kitenge. Kila nilipoona huzuni shuleni nilikuwa nairudia siku hiyo kwa sababu ndani yake ulinibeba mgongoni hadi nyumbani, ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea. Ni moja ya kumbukumbu zangu nzuri. Na haikutokea.

Nimefikiri imetoka wapi. Nadhani ni siku uliyonipeleka shule ya bweni, pale sista muuguzi aliponifunua midomo akauliza, "Haya mapengo?" Ulijibu upesi kuliko unavyojibu siku zote. "Alianguka kisimani." Mkono wako ulikuwa begani kwangu na ulinibana. Masista walikuwa wakiwakemea sana akina mama kwa mambo hayo, na ulihofu wasingenipokea. Ulinipa mfupa tu, nyama nikaiweka mwenyewe: jiwe, kibuyu, kitenge, mgongo wako.

Sikukasirika. Hapana, hilo si kweli. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikamkumbuka Festo, na hasira ikaniishia.

Siku ya Festo naikumbuka vizuri, na mapengo yake ni ushahidi kwamba hii haikubuniwa. Mimi ndiye niliyemshika miguu. Alikuwa mwepesi kama kifaranga, anaharisha wiki nzima, macho yamezama. Yule mama alikuwa na spoku ya baiskeli iliyonolewa. Sikutazama mdomo, nilitazama vidole vya miguu vya Festo, vilivyojikunja vyote kumi. Kisha nikasikia akisema, "Tazameni, hawa ndio waliokuwa wanamla." Juu ya kipande cha jani la mgomba palikuwa na vitu viwili vyeupe, laini, kama funza. Ulilia kwa furaha, Mama. Baba akaenda kukamata kuku wa kumshukuru. Na siku ya tatu Festo akaacha kuharisha, akanyonya, akaishi, na leo amebeba bunduki. Baada ya kuona hivyo kwa macho, nani angeamini mtu mwingine?

Lakini kuharisha kwa mtoto mara nyingi huisha kwenyewe baada ya siku kadhaa, kama maji na maziwa hayakukatika. Festo angepona na meno yake. Tukumbuke pia mtoto wa shangazi, aliyepelekwa msimu ule ule. Alivuja damu hadi wakati wa kurudi, hakufika nyumbani. Sisi tulisema alicheleweshwa.

Wale hawakuwa funza. Ndani ya barua hii, kwenye karatasi ya kahawia, nimeweka kifilamu kimoja. Kishike pembeni, usiguse katikati, usimame mlangoni ukiinue kwenye mwanga. Ni taya la mtoto mchanga ambaye Mwalimu alimpiga picha zamani, kwa jambo lingine. Mdomoni hana jino hata moja. Lakini tazama ndani ya mfupa, jinsi yalivyojipanga. Unalijua boga changa ukilipasua kabla halijakomaa, mbegu zake zikiwa bado laini na nyeupe, kila moja kwenye chumba chake? Ndiyo hayo. Ni mbegu za meno. Pale ufizi unapovimba, mbegu inapanda. Yule mama wa ng'ambo ya bonde anafukua shamba siku moja kabla ya kuota, anawaonyesha watu mbegu, anawaambia ni mdudu. Simwiti mwovu. Naye hajawahi kuona picha.

Alhamisi barua yako ilipofika, karatasi yangu ya Ijumaa ilikuwa imeshaandikwa. Ilisema mashine kubwa, kwa sababu inaonyesha taya zima. Niliposoma mstari wako wa sita niliacha chakula cha mchana. Nikaenda kwa Mwalimu Sanga nikamkuta anakunywa uji.

"Mwalimu, ile kubwa inaweza kumpiga picha mtoto wa miezi mitano?"

"Mwambie akae wima, aume kijiti, asitikisike mpaka izunguke. Wewe mwenyewe ulitikisika."

"Na ndogo?"

"Unamlaza mapajani kwa mama yake, mama kavaa lile vazi zito la kukinga. Kifilamu juu ya ulimi, mama anakishika kwa kidole. Kufumba na kufumbua, imekwisha." Akaweka kikombe. "Lakini wafadhili wako watasikitika. Kubwa inapendeza wakija kupiga picha zao."

"Wapige picha ya mtoto."

Akanitazama, kisha akavuta droo, akanipa karatasi safi.

Nikaandika upya palepale kwenye kona ya meza yake. Niliandika kwamba mashine ndogo inatosheka na jenereta ndogo. Kwamba ina magurudumu, na siku Landrover ikiwa na mafuta inaweza kupakiwa ikaenda Nyamahanga, ikaenda Ngara, badala ya kungoja watu wapande lori siku mbili. Kwamba kuosha filamu kunataka maji safi na baridi, nayo kwetu yapo. Sababu ya mwisho ilinichukua muda kuliko zote, kwa sababu sikujua namna ya kuiandika kwa lugha ya ofisi. Mwishowe niliandika hivi: mashine kubwa itawaonyesha watu wazima walichokipoteza. Ndogo inaweza kumwonyesha mama kile ambacho mtoto wake bado anacho. Mwalimu alisoma, akapiga muhuri, hakusahihisha hata nukta. Jibu litachukua miezi, na mashine yenyewe pengine mwaka. Deo hawezi kungoja mwaka, ndiyo maana nakutumia kifilamu cha mtoto wa watu.

Sasa fanya hivi. Chemsha maji, yapoe. Kwenye maji ya lita moja weka vijiko vidogo vinane vya sukari, visiwe vya kurundika, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja. Yasizidi chumvi ya machozi. Mpe Deo kidogo kidogo kwa kijiko, kila anapoharisha, na Skola aendelee kumnyonyesha, asisikilize mtu anayesema maziwa yameharibika. Ukiona damu kwenye choo, au utosi umebonyea, au anakataa kunyonya, nendeni zahanati siku hiyo hiyo, palizi isimame.

Najua umeandika sukari hakuna. Barua hii analeta mwalimu mmoja wa Biharamulo aliyekuwa huku masomoni. Anaondoka kesho na ameahidi kuipitisha kwa mkono hadi Kanazi. Amebeba na kifurushi cha sukari. Ni mgao wangu, na Atupele ameongeza wake bila kuombwa.

"Mwambie mama yako hii siyo ya chai," alisema.

"Hata akija padre?"

"Hata akija askofu."

Nimemsamehe mambo ya ndizi.

Nisalimie Baba, mwambie kofia aliyonipa naivaa kila asubuhi ya baridi, na watu wa hapa wanaulizia inakouzwa. Msalimie wifi yangu Skola. Mwambie sijamwandikia yeye kwa sababu najua katika nyumba yetu neno la mtoto huamuliwa na wewe. Lakini kifilamu mkitazame pamoja, na yeye ndiye akishike kwanza. Msalimie shangazi. Usimsomee sehemu ya mtoto wake, nitakuja kumwambia mwenyewe, tukiwa tumekaa. Msalimie katekista na balozi wetu wa nyumba kumi, na Festo akipita hata kwa saa moja, mshike uso kwa mikono miwili kwa niaba yangu.

Ningependa kukuandikia haya kwa Kihangaza, ambacho ndicho tungekisema tukiwa jikoni. Shuleni hawakunifundisha kukiandika, na kila nikijaribu naona maneno yako yamevaa viatu visivyo vyao. Kwa hiyo yasome kwa Kiswahili, halafu yaseme kwa sauti kwa lugha yetu, ndipo utanisikia.

Njia ni ndefu na magari mengi yamechukuliwa kwenda vitani. Huenda palizi imekwisha kabla ya mwalimu huyu kufika. Sikuombi barua ya mistari sita. Chukua kipande chochote cha karatasi, mkono wako mwenyewe, uandike neno moja tu: "bado", au "tayari". Usimpe mtu mwingine aandike, na usinipambie. Likija la kwanza nitamshukuru Mungu. Likija la pili nitalia, kisha nitanawa uso, niende darasani, na nikirudi nitaingia mlangoni kwako nikiwa mwanao yule yule.

Nangoja neno hilo.

Wako,
Adventina